Ukungu wa Bourn: uchambuzi wa kisa cha kiwanja kimoja cha ndege za mabomu, Desemba 1943

Usiku wa Alhamisi, tarehe 16 Desemba 1943, Kikosi cha 97 cha Jeshi la Anga la Uingereza kilirusha ndege 21 za aina ya Lancaster kutoka kiwanja cha Bourn, magharibi ya mji wa Cambridge, kwenda kuishambulia Berlin. Ndege moja ilipotea huko huko vitani. Nyingine saba zilipenya mizinga na ndege za kivita za Wajerumani, zikarudi juu ya Bahari ya Kaskazini, zikafika juu ya mashamba ya Uingereza, na hapo, zikiwa zimebakiza mwendo wa dakika chache kutua, zikaangamia katika ukungu. Kwa hesabu hiyo, adui alikinyang'anya kikosi hiki ndege moja, na saba zikapotea nyumbani.

Usiku huo umebaki ukijulikana kwa jina la Alhamisi Nyeusi. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba hali ya hewa iligeuka, na kwamba ukungu ukishashuka hakuna wa kuulizwa. Naona maelezo hayo hayatoshi. Ukungu wa Desemba katika tambarare za mashariki ya Uingereza ni jambo ambalo kila mkulima wa pale alilijua tangu utotoni, na maofisa waliopanga mashambulizi walilijua pia. Nitakachojaribu kuonyesha ni kwamba Kamandi ya Ndege za Mabomu ilikuwa imejenga, kwa akili nyingi na fedha nyingi, mfumo wa kumfikisha askari kwenye shabaha yake gizani, lakini kazi ya kumrudisha ardhini akiwa hai iliachiwa kwa sehemu kubwa ustadi wa rubani mmoja aliyekwisha kuchoka.

Kiwanja na watu wake

Bourn kilifunguliwa mwaka 1941 kama kiwanja kidogo cha kukisaidia kile cha Oakington. Kilikuwa kimoja kati ya mamia ya viwanja vilivyochimbwa kwa haraka katika mashamba ya ngano na viazi: njia tatu za zege zilizokatizana, barabara ya kuzunguka, na vituo vya kuegesha ndege vilivyotawanywa mbali mbali ili shambulio moja la adui lisiteketeze ndege zote kwa pamoja. Watu walilala katika vibanda vya mabati yaliyopindwa nusu duara, vyenye jiko moja la makaa katikati, na baridi ilipokuwa kali walilala na makoti yao. Kwa kuwa kila kitu kilitawanywa, baiskeli ndiyo iliyowafikisha kwenye chakula, kwenye ndege na kwenye baa ya kijijini, na tope la majira ya baridi liliwafuata kila mahali.

Kikosi cha 97 kilihamia hapo Aprili 1943 kutoka Woodhall Spa, kilipoingizwa katika Kundi la 8, lililokuwa chini ya Don Bennett, Mwaustralia aliyekuwa bingwa wa kuongoza ndege kwa hesabu na nyota. Kazi ya kundi hilo ilikuwa kutangulia mbele ya msafara na kuonyesha mahali pa kupiga kwa taa za rangi, ili mamia ya ndege zilizofuata nyuma zisimwage mabomu yao porini. Kwa hiyo waliokuwa Bourn hawakuwa wanagenzi. Wengi wao walichaguliwa kwa sababu ya uhodari, na walikubali zamu ndefu kuliko wenzao: askari wa kawaida wa ndege za mabomu alitakiwa kukamilisha safari 30 kabla ya kupumzishwa, nao walikubali 45 mfululizo.

Kila Lancaster ilichukua watu saba: rubani, fundi wa injini aliyekaa ubavuni mwake, mwongoza njia, mlenga mabomu, mtu wa redio, na wapiga bunduki wawili, mmoja mgongoni mwa ndege na mwingine mkiani. Wote walikuwa wamejitolea, kwa kuwa hakuna aliyelazimishwa kuruka. Walitoka Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na makoloni. Msomaji wa Kiafrika asidhani kwamba viwanja hivi havikuwa na watu wa kwetu. Mwezi mmoja tu kabla ya kisa hiki, Johnny Smythe wa Sierra Leone, mwongoza njia wa Kikosi cha 623 kilichokuwa Downham Market, alitunguliwa juu ya Ujerumani na kutekwa, na baada ya vita akaja kuwa Mwanasheria Mkuu wa nchi yake.

Nyuma ya kila timu ya watu saba kulikuwa na watu wengi zaidi ambao hawakuruka kamwe. Mafundi wa injini walifanya kazi nje usiku kucha kwa vidole vilivyokufa ganzi. Wapakia mabomu walikokota mikokoteni ya mabomu kutoka ghalani. Wanawake wa jeshi la anga waliendesha malori ya kuwapeleka askari kwenye ndege zao, walikunja parachuti, walipika, na, jambo lenye uzito mkubwa katika kisa hiki, baadhi yao walikaa katika mnara wa kuongozea ndege wakizungumza na marubani kwa redio. Fundi aliihesabu ndege kuwa yake. Aliyeiendesha aliazimwa tu kwa usiku mmoja. Ndege isiporudi, mafundi walibaki wamesimama kwenye kituo kitupu, na mara nyingi kesho yake waliletewa ndege nyingine na timu nyingine ya vijana wenye miaka ishirini na kitu.

Uamuzi wa mchana

Majira yale ya baridi Sir Arthur Harris, mkuu wa Kamandi, alikuwa ameazimia kuivunja Berlin. Novemba 1943 alimwandikia Churchill kwamba jiji hilo likibomolewa kutoka mwisho hadi mwisho, Ujerumani itashindwa vita, na alikiri kwamba gharama itakuwa mamia ya ndege. Kila asubuhi, katika makao makuu karibu na High Wycombe, alisikiliza maelezo ya mtaalamu wake wa hali ya hewa, Magnus Spence, kisha akaamua. Utabiri wa siku zile haukuwa na setilaiti wala kompyuta. Ulitegemea vituo vya ardhini, ndege chache za kupeleleza hewa, na ramani iliyochorwa kwa mkono. Juu ya bara la adui, sehemu kubwa ya ramani hiyo ilikuwa makisio.

Mwezi uliokuwa ukipungua ungechomoza baadaye usiku, na mwanga wa mwezi ulikuwa rafiki wa marubani wa Kijerumani waliowinda gizani. Ndege kwa hiyo zilirushwa mapema, jioni ilipokuwa ikiingia, ili zikamilishe sehemu kubwa ya safari gizani na kurudi kabla hali ya nyumbani haijaharibika. Ilikuwa hesabu yenye mantiki, na sitaki kuwaonea waliopiga hesabu hiyo. Ila ilikuwa hesabu iliyobana. Mfumo wa siku zile haukumwachia kamanda nafasi kubwa ya kubadili mawazo, kwani msafara ukishavuka bahari, kuurudisha kulimaanisha mamia ya ndege kutua zikiwa na mabomu na mafuta mengi.

Dalili haikuchelewa kuonekana. Jioni ile ile, kaskazini mwa Lincolnshire, Lancaster mbili za vikosi vya 103 na 576, zote zikitoka Elsham Wolds, ziligongana angani juu ya kijiji cha Ulceby muda mfupi baada ya kuruka, na watu wote 14 wakafa kabla ya kuiona bahari. Msafara uliendelea. Ndege 483 za Lancaster na 10 za Mosquito ndizo zilizotumwa Berlin.

Njia ya kwenda ilinyooka moja kwa moja juu ya Uholanzi na Ujerumani ya kaskazini, bila mashambulizi makubwa ya kumpoteza adui. Waongozaji wa Kijerumani waliufuatilia msafara kwa usahihi, na ndege zao zilianza kuvizia tangu pwani ya Uholanzi. Lancaster 25 zilipotea katika maeneo ya adui, yaani zaidi ya 5 katika kila 100. Berlin ilikuwa imefunikwa na wingu, hivyo Kundi la 8 lililazimika kuning'iniza taa zake kwa parachuti juu ya wingu, nayo ilikuwa kazi ngumu iliyofanywa vizuri: mabomu mengi yaliangukia jijini na reli za Berlin zikavurugika. Watu zaidi ya 700 waliuawa huko chini, na kati yao walikuwamo mamia ya wafanyakazi wa kigeni, wanawake na watoto pia, walioletwa Ujerumani kufanya kazi. Nalitaja hilo kwa sababu uchambuzi wa kiwanja kimoja cha ndege za mabomu usiotaja mahali mabomu yalikoangukia haujakamilika, hata kama mada yetu ni wale waliorudi.

Kurudi

Njia ya kurudi ilipita kaskazini, juu ya Denmark, na huko adui aliachwa nyuma. Kwa timu nyingi, hatari kubwa ilionekana kuwa imekwisha. Chai ya moto ilimiminwa kutoka katika chupa, na baadhi ya wapiga bunduki walianza kulegeza misuli iliyokuwa imekaza kwa saa nyingi katika baridi iliyo chini ya sifuri. Kisha mtu wa redio akapokea taarifa kutoka nyumbani.

Ili kuelewa kilichotokea baada ya hapo, inafaa kueleza jinsi ndege zilivyotua katika usiku wa kawaida. Rubani alipokaribia aliita mnara, naye akapewa kimo cha kuzunguka na nafasi katika foleni. Ndege zilipangwa moja juu ya nyingine, zikizunguka, na kila ya chini kabisa ilipotua zilizobaki zilishushwa hatua moja. Taa zilizozunguka kiwanja zilimwongoza rubani kwa macho hadi kwenye mdomo wa njia. Utaratibu huu ulikuwa mzuri sana kwa sharti moja: kwamba rubani anaona taa. Mara ukungu ulipozifunika, rubani alifika pale taa zilipopaswa kuwa, asione kitu, akaongeza nguvu za injini na kupanda tena. Kila aliyepanda tena aliivuruga foleni nzima, na waliokuwa juu yake waliendelea kuzunguka, wakiunguza mafuta ambayo hayakuwa yamebaki mengi baada ya safari ya takribani saa saba.

Zaidi ya hayo, viwanja vyenyewe vilikaribiana mno. Bourn, Gransden Lodge, Oakington, Graveley, Wyton na Warboys vyote vilikuwa ndani ya eneo lisilozidi kilomita 30, na vyote vilikuwa vya kundi lile lile, maana yake ndege zao zote zilirudi kwa saa zile zile. Mchana jirani wa karibu ni faida. Katika ukungu, rubani aliyeona mwanga hafifu chini yake hakuweza kuwa na hakika ni mwanga wa kiwanja gani, na duara la kiwanja kimoja liligusa duara la kingine.

Kifaa cha kutua bila kuona kilikuwapo. Redio ya ardhini ilirusha mawimbi mawili yaliyopakana kwenye mstari wa njia ya kutulia. Rubani aliyepotoka upande mmoja alisikia milio mifupi mifupi katika masikio yake, upande mwingine alisikia milio mirefu, na aliyekuwa katikati alisikia mlio mmoja usiokatika. Kilimwelekeza vizuri kushoto na kulia. Kuhusu kimo, hata hivyo, kilimwachia kipimo cha kawaida kinachosoma shinikizo la hewa, ambacho kilihitaji kurekebishwa kwa namba aliyopewa na mnara, na ambacho kosa lake dogo lilitosha kuiweka ndege kwenye vilele vya miti badala ya juu yake. Marubani walifundishwa kutumia mawimbi haya katika kozi fupi, kwa kawaida kwenye ndege ndogo ya mafunzo yenye injini mbili. Baada ya hapo mazoezi yalitegemea bidii ya mtu mwenyewe, na katika kikosi kilichokuwa vitani, saa za ndege zilikuwa za kupimia mitambo na kufanyia mazoezi ya kulenga. Rubani angeweza kumaliza safari 20 za vita bila kulazimika hata mara moja kutua kwa sauti za masikioni peke yake. Siku hiyo ilipofika, alitakiwa kufanya hivyo kwa ndege ya injini nne yenye mabawa ya mita 31, akiwa na usingizi, mafuta yakiwa yanakwisha, na watu sita wakisubiri kimya nyuma yake.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha kisa chote. Kamandi ilipima kila kitu kilichohusu shabaha. Kila ndege ilipiga picha wakati wa kuachia mabomu, na kesho yake picha hiyo iliangaliwa ili kujua timu ilifika au haikufika. Sifa ya kikosi ilijengwa juu ya picha hizo. Kutua katika ukungu hakukuwa na picha. Hakukuwa na ubao ukutani ulioonyesha ni marubani wangapi wa kikosi wanaoweza kushuka kwa mawimbi hadi mita 50 kutoka ardhini, na jambo lisilopimwa halikupata muda, mafuta wala msisitizo wa makamanda.

Kulikuwa na njia mbili nyingine. Ya kwanza ilikuwa kupanda juu, kuielekeza ndege upande wa bahari na kuamuru watu waruke kwa parachuti. Baadhi ya marubani wa usiku ule walifanya hivyo na kuokoa timu zao. Lakini uamuzi huo ulitaka kufanywa mapema, mafuta yakiwa bado yanatosha kupanda. Rubani aliyekuwa amepewa ndege ya thamani kubwa, aliyesikia sauti ya mnara wake mwenyewe ikimwita kwa utulivu, na pengine aliyekuwa na mtu aliyejeruhiwa ndani, alikuwa na kila sababu ya kujaribu mara moja zaidi. Siwezi kuwalaumu waliojaribu. Nawalaumu zaidi wale ambao hawakuweka amri iliyo wazi kwamba, kiwango fulani cha mafuta kikifikiwa na ardhi haionekani, ndege inaachwa na hakuna atakayeulizwa swali. Katika jeshi ambalo askari aliyeshindwa kuendelea kuruka aliweza kuandikwa kwamba amekosa ujasiri na kuondolewa kwa aibu, kumwachia rubani mzigo huo peke yake hakukuwa haki.

Njia ya pili ilikuwa Graveley.

Moto wa Graveley

Graveley, jirani wa Bourn, kilikuwa kiwanja cha kwanza kufungiwa mtambo wa kufukuza ukungu kwa moto. Mabomba yalilazwa pande zote mbili za njia ya kutulia, petroli ikasukumwa ndani yake na kuwashwa kupitia vitundu, na joto lake likaikausha hewa na kuunyanyua ukungu juu ya njia. Mtambo huo ulikunywa mamia ya maelfu ya lita kwa saa, katika nchi ambayo petroli yake yote ililetwa na meli zilizowindwa na nyambizi. Bennett mwenyewe alitua hapo kwa majaribio Februari 1943, na mwezi mmoja kabla ya Alhamisi Nyeusi, ndege nne za mabomu za aina ya Halifax za Kikosi cha 35 zilikuwa za kwanza kuutumia katika kazi halisi.

Kwa hiyo usiku wa 16 Desemba dawa ilikuwapo, ilijulikana kuwa inafanya kazi, na ilikuwa umbali wa dakika chache kwa ndege. Lakini ilikuwa katika kiwanja kimoja tu kwa kundi zima, na kundi zima lilikuwa angani. Isitoshe, marubani wengi hawakuwahi kutua kati ya kuta mbili za moto. Mwanga wake ulitapakaa katika ukungu kama pazia lililowashwa, joto lake liliirusha ndege juu wakati rubani akitaka ishuke, na bado ililazimu kuupata mdomo wa njia kwa kushuka katika weupe mtupu kabla ya kuingia mahali palipofunguliwa na moto.

Rubani wa Kikosi cha 97 aliyekwenda huko alikuwa Ernest Deverill. Huyu alikuwa mmoja wa wazoefu kuliko wote katika Kamandi. Aprili 1942 alikuwa kati ya marubani wa Lancaster 12 zilizoshambulia kiwanda cha injini za nyambizi huko Augsburg mchana kweupe, zikiruka chini sana. 7 kati ya hizo 12 hazikurudi, na yake, iliyopigwa na kushika moto, ilirudi. Alikuwa na nishani tatu. Usiku wa 16 kuamkia 17 Desemba, mtambo wa Graveley ukiwaka, ndege yake ilianguka karibu na kiwanja na kati ya watu saba aliokoka mmoja tu, ambaye hakuwa yeye. Ikiwa mtu wa uzoefu ule alishindwa mahali palipokuwa na mtambo bora kuliko wote, basi hoja ya kwamba walioanguka walikosa ustadi inaanguka yenyewe.

Asubuhi

Kwa ujumla, Lancaster 29 zilianguka au kuachwa na watu wao juu ya Uingereza usiku ule, pamoja na ndege moja ya aina ya Stirling iliyokuwa imekwenda kutega mabomu baharini. Makundi ya 1, 6 na 8 ndiyo yaliyoumia zaidi. Kundi la 1 lilipoteza ndege 13, na hakuna kikosi kilichopoteza nyingi kuliko Kikosi cha 97. Katika ajali hizo walikufa takribani watu 148, wakajeruhiwa 39, na 6 wengine walidhaniwa kuzama baharini. Idadi ya ndege zilizopotea nyumbani ilizidi ya zile zilizopotea mikononi mwa adui.

Idadi haisemi yote kuhusu Bourn. Ndege inapotunguliwa Ujerumani, kikosi hakioni chochote: jina linafutwa ubaoni, na kwa wiki kadhaa familia inaweza kutumaini kwamba mtoto wao ametekwa. Usiku ule kiwanja kilisikia. Watu wa mnara waliwasikia marubani wakiuliza, wakijibiwa, wakiuliza tena, kisha wakinyamaza. Injini zilisikika zikizunguka juu ya vibanda, zikikaribia, zikipanda. Magari ya wagonjwa na ya zimamoto yalitumwa katika mashamba ambako hata madereva wake hawakuona mbele ya taa zao, na waliofika walikuta mabaki ya watu ambao mchana wake walikaa nao meza moja. Wapishi walikuwa wameandaa mayai, chakula cha heshima katika nchi iliyogawiwa vyakula kwa vipimo, na maofisa wa upelelezi walikuwa wamekaa mezani wakisubiri kuwahoji waliorudi.

Baada ya hapo kilifuata kile kilichofanyika katika kila kiwanja. Maofisa maalumu waliingia katika vibanda, wakaorodhesha mali za kila marehemu, wakatenga vya serikali na vya nyumbani, na wakasoma barua zake ili kuondoa ile ambayo ingemwumiza mama au mke. Telegramu zilitumwa, kisha barua ya kamanda. Kwa waliokufa ndani ya Uingereza palikuwa na jeneza, na familia za Kiingereza ziliweza kuomba mwana wao azikwe kwao. Wale waliotoka mbali ng'ambo walizikwa katika makaburi ya kijeshi ya wilaya, kama yale ya Cambridge, ambako wamelala mamia ya askari wa anga wa majimbo na makoloni. Kazi haikusimama. Usiku wa 20 Desemba Kamandi ilituma ndege 650 Frankfurt, na 41 hazikurudi.

Kupima lawama

Wapo watakaosema kwamba kamanda aliyengoja hewa safi wakati wa baridi ya Ulaya ya kaskazini asingepigana kabisa, na kwamba askari waliowekwa tayari siku nzima, wakapewa maelezo na chakula, kisha wakaambiwa safari imefutwa, walichoka roho kuliko walioruka. Hoja hiyo ni ya kweli, nami naikubali. Kutuma ndege usiku ule peke yake hakukuwa kosa lisilosameheka. Nisilolikubali ni kwamba maandalizi ya marejeo yalifikia kiwango ambacho hali ya mwaka ule ilidai. Nchi iliyoweza kujenga viwanja kwa mamia na kurusha Lancaster karibu 500 kwa jioni moja ilikuwa na uwezo wa kulaza mabomba ya moto katika viwanja vingi zaidi kabla ya majira ya baridi, hasa baada ya jaribio la Februari kufaulu, na ilikuwa na uwezo wa kumpa kila rubani saa chache kila mwezi za kushuka kwa mawimbi. Mambo haya yalikuja, lakini yalikuja baada ya watu 148.

Hadi vita vinakwisha, viwanja 15 vya Uingereza vilikuwa na mtambo wa moto, na ndege kiasi cha 2,500 zilikuwa zimetua kwa msaada wake. Viwanja vya dharura vyenye njia pana na ndefu kupita kiasi vilijengwa Carnaby na Manston, kuungana na kile cha Woodbridge kilichokuwa kimefunguliwa Novemba 1943, ili ndege iliyojeruhiwa au iliyopotea iwe na mahali pa kushukia bila kungoja foleni. Maelfu ya watu waliishi kwa sababu hiyo. Hata hivyo, kati ya watu wapatao 125,000 waliohudumu kama askari wa ndani ya ndege katika Kamandi, 55,573 waliuawa, na sehemu ya hao walikufa kama watu wa Bourn, mikononi mwa giza na hewa ya nchi waliyoondokea.

Bourn chenyewe hakikupata mtambo huo kamwe. Aprili 1944 Kikosi cha 97 kilihamishiwa Coningsby, katika Lincolnshire, ambako pia haukuwapo, na waliporudi usiku wa ukungu walitegemea tena mabomba ya jirani, safari hii ya Metheringham.